Duka Lako Katika Intaneti

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa awasomee wanafunzi mara ya pili, polepole, baada ya redio kufungwa.)

Naomba kila darasa liwe na ubao, chaki, na walau simu moja yenye intaneti. Kama simu hiyo ni kuukuu na kioo chake kimepasuka, vizuri zaidi. Baadaye mtajua kwa nini.

Juma lililopita tulijifunza habari za daftari la mauzo: tarehe, kitu kilichouzwa, bei, na jina la mnunuzi. Wengi wenu mmetuletea kazi zenu, nazo ni nzuri. Lakini pamoja na kazi hizo limekuja swali moja ambalo limerudi mara nyingi, kutoka vikundi mbalimbali: "Sisi twatengeneza kitu kizuri, lakini wanunuzi wetu ni wale wale wa hapa hapa. Twawezaje kuuza mbali kwa njia ya intaneti?"

Leo nitajibu swali hilo, na mfano nitakaoutumia ni vikapu vya Iringa. Nimeuchagua kwa kuwa naufahamu kwa karibu. Shangazi yangu hufuma vikapu vya milulu, yale majani yaotayo penye majimaji, na mimi mwenyewe nilishiriki katika kuharibu biashara yake ya kwanza ya intaneti. Habari hiyo nitawaeleza bila kuficha.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Tovuti ni kurasa zilizowekwa katika kompyuta inayofanya kazi mchana na usiku, ambazo mtu yeyote mwenye intaneti aweza kuzifungua na kuzisoma, awe Makambako au awe Muscat. Kompyuta hiyo huitwa seva. Tovuti ina jina lake, kama vile nyumba ilivyo na namba yake mtaani. Jina hilo huitwa kikoa. Basi andikeni ubaoni maneno haya matatu: tovuti, seva, kikoa. Someni pamoja kwa sauti.

(Kimya kidogo.)

Vema. Yafaa mjue pia ya kuwa jambo hili si la kale sana. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, nchi ya Uswisi, alitunga mpango wa kuunganisha maandishi yaliyo katika kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 watu wa nje ya kituo kile walianza kuisoma tovuti ya kwanza. Haikuwa na rangi wala mapambo. Ilikuwa maneno tu, na kutoka neno moja mtu aliweza kwenda ukurasa mwingine. Mwaka 1993 CERN ilitangaza ya kuwa kila mtu aweza kutumia ujuzi huo bila kulipa. Nayasema haya kwa sababu mtu akisikia "tovuti" huogopa, akadhani ni kazi ya wataalamu wenye mitambo mikubwa. Ya kwanza ilikuwa maneno yaliyopangwa vizuri. Yenu nayo yaweza kuanza hivyo hivyo.

Sasa mtu ataniuliza: "Mimi nina ukurasa Instagram, nina WhatsApp, wateja hunipigia huko. Tovuti ya nini?" Swali ni la haki. Ukurasa wa Instagram au Facebook ni kama meza katika soko la mtu mwingine. Soko lina watu wengi, na meza hulipii. Basi kaa hapo uuze, sikukatazi. Lakini mwenye soko ndiye ashikaye ufunguo wa lango. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa kama 6. Waliokuwa na meza tu walikaa bure siku ile. Tena mwenye soko akiamua kuifunga meza yako, kwa kosa au kwa bahati mbaya, picha zako zote na majina ya wateja wako hubaki ndani. Tovuti ni kibanda katika kiwanja chako mwenyewe. Wapita njia ni wachache, lakini hakuna wa kukuondoa.

Yaani, hakuna wa kukuondoa ikiwa kiwanja kimeandikwa kwa jina lako. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Siku moja nilikwenda kumtembelea shangazi. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha vikapu zaidi ya 40 vimelundikana chumbani. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Watu wa Dar es Salaam wanavitaka vikapu hivi, lakini hawajui nilipo. Nitafutie njia." Nikajiona mtu wa maana. Nikamtafuta kijana mmoja ajuaye kutengeneza tovuti, tukapatana bei, shangazi akatoa akiba yake, na baada ya majuma mawili tovuti ikawa tayari. Ilipendeza. Shangazi akapiga chapa kadi 500 zenye jina la tovuti ile, akazigawa kila alikokwenda. Wateja wakaanza kupiga simu, mmoja mmoja, kisha zaidi.

Kumbe kijana yule alikuwa amekisajili kikoa kwa jina lake yeye, na kwa barua pepe yake yeye. Sidhani kama alikusudia kuiba. Aliona ni njia ya mkato. Kikoa hakinunuliwi mara moja kwa maisha. Hulipiwa kwa mwaka, kama leseni. Mwaka ulipokwisha, barua ya kukumbusha malipo ilikwenda kwake, naye alikuwa amekwisha kuhama mji na kubadili kazi. Hakuna aliyelipa. Jina likawa huru, na mtu mwingine asiyetujua wala hatumjui akalichukua. Asubuhi moja mteja akampigia shangazi simu: "Mama, siku hizi mnachezesha kamari?" Tukafungua. Mahali palipokuwa na vikapu palikuwa na tangazo la kubahatisha mpira.

Kadi 500 zikawa taka. Baya zaidi, zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Kila aliyenayo moja mkononi alikuwa akielekezwa kwenye kamari kwa jina la shangazi yangu, mtu ambaye hata karata hagusi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ulimwuliza kimeandikwa kwa jina la nani?" Nilikuwa sikuuliza. Mimi, mwenye diploma ya chuo kikuu.

Basi, wasikilizaji, kabla hamjauliza rangi gani ipakwe wala picha gani iwekwe, mwulizeni fundi maneno haya, na mwalimu ayaandike ubaoni: Kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani? Barua za kukumbusha malipo zinakwenda kwa barua pepe ya nani? Neno la siri liko kwa nani? Jibu la yote matatu liwe: kwetu. Kikundi kifungue barua pepe yake chenyewe. Neno la siri lijulikane kwa watu wawili, si mmoja, kwa kuwa mmoja huugua na husafiri. Liandikwe katika daftari linalofungiwa sandukuni pamoja na fedha. Na tarehe ya malipo iandikwe ukutani mwezi mmoja kabla, mahali mnapoandika tarehe ya kikao. Ukilipa fundi, mwambie akutenganishie hesabu: hiki cha kikoa, hiki cha nafasi katika seva, hiki cha kazi ya mikono yake. Akikutajia fungu moja tu lisilo na maelezo, hutajua mwakani ulipe nini na kwa nani.

Kwa Tanzania, majina ya biashara huishia na .co.tz, nayo husajiliwa kwa mawakala walioidhinishwa. Kwa jirani zetu wa Kenya huishia na .co.ke. Yako mengine ya dunia nzima, kama .com. Lolote lafaa. La muhimu zaidi ni jina lenyewe liwe jepesi kuandika, na hapa darasa la kusoma na kuandika lina faida ambayo wafanya biashara wakubwa hawana. Fanyeni jaribio hili. Mtu mmoja asimame nje ya mlango, alitamke jina mnalolitaka mara moja tu, kama anavyolisema katika simu. Walio ndani waandike walichosikia. Kama watu watatu wameandika namna tatu, jina hilo halifai. Shangazi katika jina lake la kwanza alitia herufi x mahali pa ks, kwa kuwa kijana aliona inapendeza. Kila mteja alilazimika kuuliza mara mbili. Jina lake la sasa ni maneno mawili ya Kiswahili, na mtoto wa darasa la tatu huliandika bila kosa.

Haya, sasa tujenge ukurasa wenyewe.

Fikirini mtu aliye Mwanza. Hakujui, hajapata kuja Iringa, na kikapu chako hawezi kukishika. Sokoni angekigeuza, angevuta mkono wake aone kama umeshonwa imara, angekuangalia usoni, ndipo angetoa fedha. Katika intaneti hana mikono wala hana uso wa kuutazama. Ana macho mawili na woga. Tena woga wake una haki. Nani kati yenu hajapata ule ujumbe wa simu usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii"? Mteja wako naye ameupata. Kila akiona duka la intaneti, kwanza hujiuliza kama wewe ni mmoja wa wale.

Kwa hiyo ukurasa wako ni majibu kwa mtu mwenye woga. Juu kabisa andika unauza nini na uko wapi. Wengi huandika "Karibuni sana katika tovuti yetu" kwa herufi kubwa, kisha huweka maua. Mteja hakuja kukaribishwa. Amekuja kwa kikapu. Andika: "Vikapu vya milulu vilivyofumwa kwa mkono, Iringa mjini." Chini yake weka namba ya simu ambayo mtu akiigusa inapiga. Kisha vikapu vyenyewe, na bei zake.

Hapa nataka nisimame kidogo juu ya bei, maana ni jambo linaloniudhi. Siku hizi ukitazama matangazo ya wauzaji wengi utaona kitu kizuri, na chini yake: "Bei njoo inboksi." Kwa nini? Mwingine ataka kwanza ajue mteja ni nani ili amkadirie kwa sura. Mwingine aogopa washindani wasiijue bei yake, nao kesho humtuma mtu akaiuliza. Mteja mwenye haya hatauliza. Mteja mwenye haraka hatauliza. Atabaki mwenye nafasi ya kubishana, naye ndiye mara nyingi asiyenunua. Ikiwa bei yaweza kupungua kwa anunuaye vingi, andika hivyo: kimoja ni kiasi hiki, kumi ni kiasi hiki. Na nauli ya mzigo iandikwe mbali, asije mtu akalipa kikapu kisha akashangaa kuombwa tena fedha.

Picha nazo zataka uangalifu. Hamhitaji kamera ya studio. Toeni kikapu nje asubuhi, jua likiwa halijawa kali, au kiwekeni karibu na mlango ulio wazi. Nyuma yake tandikeni shuka jeupe. Picha ya kwanza ikionyeshe chote. Ya pili ionyeshe ndani na kitako. Ya tatu iwe ya karibu, mshono wa mkono uonekane. Kando ya kikapu wekeni kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kama chupa ya maji ya lita moja, kwa kuwa katika picha kikapu cha kubebea mayai na kikapu cha kufulia huonekana sawa. Kisha pimeni kwa futi ya fundi cherehani na mwandike: urefu sentimeta kadhaa, upana sentimeta kadhaa. Ikiwa rangi huchuja ikiloa, semeni. Shangazi aliandika, "Kikapu chekundu kisioshwe kwa maji mengi." Nilidhani neno hilo litafukuza wateja. Mteja mmoja alimwambia alinunua kwa sababu ya neno hilo: muuzaji asemaye aibu ya mali yake, alifikiri, hawezi kuwa mwongo.

Msichukue picha za kazi ya mtu mwingine, hata kama ni nzuri kuliko zenu. Mteja akipokea kitu kisichofanana na picha, hamtamwona tena, na atawaeleza jamaa zake wote.

Sasa ile simu kuukuu. Picha iliyopigwa kwa simu ya leo yaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Mkiweka picha 10 za namna hiyo, ukurasa una megabaiti 40. Mteja ndiye alipaye bando. Yeye aona duara linazunguka, linazunguka, fedha yake inakwenda, na bado hajaona kikapu. Hufunga akaenda zake. Basi mwambieni fundi apunguze kila picha hadi kilobaiti 150 hivi. Picha 10 zitakuwa kilobaiti 1,500, yaani megabaiti moja na nusu tu, na kwa kioo cha simu hakuna atakayeona tofauti. Fundi wengi hujaribu tovuti katika kompyuta yao nzuri, penye intaneti ya kasi. Ninyi ijaribuni kwa ile simu kuukuu ya darasani, mkiwa nje ya mji, wakati wa jioni. Ikifunguka huko, itafunguka popote. Maandishi yawe meusi juu ya nyeupe, na makubwa ya kutosha. Bibi wa miaka 60 naye hununua vikapu.

Baada ya mali, bei na picha, ule woga niliousema bado haujaisha. Namba ya kulipia kwa simu iwe ya biashara, na jina litokeapo mteja anapolipa liwe lile lile lililo juu ya tovuti. Duka likiitwa jina moja na fedha ikienda kwa jina la mtu mwingine kabisa, mwenye akili hukata. Andikeni mahali mlipo, kwa maneno ya watu: mtaa gani, karibu na nini. Kama mna leseni ya biashara, semeni. Elezeni mzigo utakwendaje: kwa basi la asubuhi, nao mteja wa Dar es Salaam aupokee Mbezi katika kituo cha mabasi cha Magufuli, au kwa Posta, kwa wale walio mbali zaidi. Toka Iringa mpaka Dar es Salaam ni kama kilometa 500, basi msiahidi saa, ahidini siku. Na mseme kikifika kimevunjika mkono mtafanya nini. Sentensi mbili zatosha: "Kikifika na kasoro, tupigie picha ndani ya siku 3. Tutakitengeneza au tutarudisha fedha." Msiandike ahadi hiyo ikiwa sandukuni hamna fedha ya kuitimiza.

Jambo dogo la ufundi. Anwani ya tovuti yenu ianze na herufi https. Ile s ya mwisho ina maana ya kuwa maneno yanayopita kati ya mteja na tovuti yamefungwa, mtu wa njiani hawezi kuyasoma. Cheti chake hupatikana bila malipo. Fundi akidai fedha nyingi kwa hicho, mwulize sababu.

Tovuti imesimama. Je, wateja watakuja? Hapana, hawatakuja. Kibanda kilichojengwa kichakani hakijulikani hata kikipakwa chokaa nyeupe. Kazi ya pili ni kutangaza, nayo huanzia karibu, si mbali.

Kila kikapu kinachotoka kiwe na lebo ndogo iliyofungwa mkononi mwake, yenye jina la tovuti na namba ya simu. Kikapu hutembea. Hukaa sokoni, hupanda basi, huenda harusini, na jirani huuliza, "Umekipata wapi?" Bila lebo jibu ni, "Nilinunua Iringa huko." Kwa lebo jibu ni anwani. Kadhalika ile meza yenu ya Instagram au WhatsApp iendelee, lakini chini ya kila picha pawe na jina la tovuti, ili mtu atoke sokoni aje kibandani.

Kisha kuna mitambo ya kutafuta, kama Google. Mtambo huo husoma maneno yaliyo katika kurasa, na mtu akiuliza jambo humpa kurasa zenye kulijibu. Kwa hiyo andikeni maneno ambayo mnunuzi huyatumia, si yale ambayo ninyi mwayapenda. Msiandike "bidhaa bora za asili." Nani aulizaye hivyo? Mtu huandika "vikapu vya Iringa" au "kikapu cha sokoni bei." Kama mwataka wageni, wekeni ukurasa wa pili kwa Kiingereza, ulioandikwa na mtu akijuaye vizuri. Tena Google ina nafasi ya kuandikisha biashara katika ramani yake, na hailipiwi. Andikisheni, mweke saa za kufungua, na mseme kweli. Mgeni akifika Jumapili akakuta mmefunga hali mmeandika wazi, ataandika hivyo hapo hapo mbele ya watu wote.

Wateja wa zamani ni mali. Lakini namba ya simu ya mteja si yenu ya kuichezea. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mwulizeni mteja: "Tukupelekee habari tukipata vikapu vipya?" Akisema ndiyo, andikeni ndiyo daftarini. Akikataa, mwacheni. Wala msiwape wengine orodha hiyo, hata mkiombwa na rafiki.

Tumebakiwa na matangazo ya kulipia. Hapa shikeni chaki, tupige hesabu. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano. Ninyi tieni zenu.

Kikapu kimoja mwauza shilingi 35,000. Milulu, rangi na ngozi ya mkono ni 12,000. Malipo ya mfumaji ni 13,000. Kufunga na kupeleka stendi ni 2,000. Jumlisheni: 27,000. Faida ni shilingi 8,000. Mmelipia tangazo kwa shilingi 20,000, nalo limeonyeshwa juma moja. Watu 400 wamefungua tovuti. Watu 9 wamepiga simu. Watu 2 wamenunua, kila mmoja kikapu kimoja. Faida ni 8,000 mara 2, yaani 16,000. Tangazo lilikula 20,000. Mmepata hasara ya shilingi 4,000.

Je, tangazo halifai? Ngojeni. Tazameni tena wale 400. Watu 391 wamefika mlangoni wakaondoka bila kusema neno. Kwa nini? Labda picha zilichelewa. Labda bei haikuonekana. Labda hawakujua mzigo utawafikiaje. Kuongeza fedha ya tangazo kabla ya kujua sababu ni kutia maji katika pakacha. Rekebisheni ukurasa kwanza. Kisha wekeni tangazo lile lile, kwa fedha ile ile, mwone kama watakaonunua wamefika 3 au 4. Wakiwa 3 faida ni 24,000, na tangazo limejilipa. Tena mtu aliyenunua kimoja akarudi baada ya miezi miwili kuchukua vitano, huyo naye aliletwa na tangazo, lakini hesabu ya juma moja haimwoni. Ndiyo maana katika daftari lenu la mauzo nataka muongeze safu moja: "Ametujuaje?" Kila anunuaye aulizwe, na jibu liandikwe kwa neno moja: lebo, Google, Instagram, rafiki, tangazo. Shangazi aliifuata safu hiyo kwa miezi sita. Alidhani wateja wake wanatoka Instagram. Wengi walikuwa wametoka kwenye lebo na kwa marafiki. Akapunguza matangazo, akaongeza lebo.

Mtapenda kujua mambo yake yalikwendaje. Alisajili jina jipya, safari hii kwa kitambulisho chake na barua pepe yake, na neno la siri analijua yeye na binti yake. Mimi sikuambiwa, wala sikuomba. Kadi mpya nililipia mimi. Wateja wengine wa kwanza hawakurudi tena. Hatujui ni wangapi, kwa kuwa siku zile hakuwa na daftari la majina.

Sasa kazi ya darasa. Kila kikundi kichukue karatasi moja, ukubwa wa kiganja, kwa kuwa hicho ndicho kioo cha simu. Andikeni juu yake ukurasa wa kwanza wa tovuti yenu: mwauza nini, mko wapi, bei gani, mtu alipeje, mzigo ufikeje, kasoro ikitokea mfanye nini. Mahali pa picha chorani mraba. Kisha mpeni karatasi hiyo mtu wa kikundi kingine asiyeijua kazi yenu, aisome kwa muda wa dakika moja. Mchukulieni karatasi, mwulize maswali hayo hayo. Ninyi mnyamaze, msimsaidie. Asilolijua andikeni upya, mmpe mtu mwingine. Karatasi za mwisho mwalimu azikusanye, atuletee kabla ya Ijumaa.

Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza namna ya kumjibu mteja mwenye malalamiko kwa maandishi. Leteni mfano wa ujumbe mlioupokea, mkifuta jina na namba ya aliyeuandika. Kwaherini.